Pilea za Alphonsine na Maji ya Beseni

Jani moja lilitoa jasho. Si umande; jasho lenyewe, la kunata, lenye harufu ya kwapa la mgonjwa. Alphonsine alilipangusa kwa ncha ya kitenge, akanusa vidole, akatema mate mpaka ukutani.

Nyumba yote ilikula kwa pilea hizo, mimea ya kupamba ndani ya nyumba. Kiwanda kilikuwa kimekufa, na mumewe Godefroid alienda kazini kusalimia mashine tu. Basi Alphonsine alipanda vichipukizi katika makopo ya maziwa, akawauzia mabibi waliokuwa bado na sebule ya kupamba. Na alijua kuchagua! Bua gumu, jani la mviringo kama kifungo cha koti, mzizi mweupe. Chenye shina laini alikitupa, hata kiwe kizuri kama bwana harusi.

Asubuhi iliyofuata vichipukizi vipya vilichungulia udongoni. Aliinama avichague. Vilikuwa vidole vya miguu, vya kijivu, vyenye kucha za njano zilizopasuka, na kile kikubwa kilikuwa na sugu aliyoijua vizuri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiisugua kwa jiwe hadi mama mkwe alipokufa juma lililopita.

Wifi yake Marlène alikuja mbio, mkono puani.

"Wifi," alinong'ona, "ile mayi ya kuoshea mama, ya mu beseni, ulimwanga wapi?"

"Ku maua."

"Ku maua!"

"Robine ya mayi iko mukavu, Marlène! Beseni muzima ya mayi, sabuni kidogo tu. Ulitaka nimwange bure?"

"Mayi ya maiti banafukiaka mu shimo, weye! Habanyweshe nayo kitu! Na mutoto iko wapi?"

Binti wa pekee wa Alphonsine, aliyeitwa Mimi, alikuwa amechuchumaa nyuma ya makopo, anatafuna majani. Ute wa kijani ulimtiririka kidevuni.

Papa Octave, jirani yao mtu wa maombi, aliitwa. Alichimba shimo, akafukia makopo yote, akamshika mtoto kichwa na kuanza kukemea pepo. Naye Mimi akafungua kinywa, na humo, nyuma ya ulimi, mkatoka kitu cheupe, laini, chenye mvi zilizolowa, kikajinyoosha hadi kwenye meno kikapapasa hewa, kikarudi, kikatoka tena, kila mara kinene zaidi, huku macho ya mtoto yakipinduka na midomo yake ikigeuka rangi ya majivu.

"Anakosa pumuzi!" Marlène alilia.

Alphonsine hakungoja amina. Alifanya alivyofanya tangu Mimi akiwa mchanga, kila mafua yalipoziba pua na mama hana kingine ila mdomo wake: akauweka mdomo juu ya mdomo, akafyonza. Kitu kikaja, cha vuguvugu, kinateleza, ladha ya sabuni na kidonda, kirefu, kirefu jamani, mpaka Mimi akatoa kilio kikali, kilio chake mwenyewe.

"Mutoto amepona!" alisema Papa Octave. "Sasa tema, mama. Tema mu shimo!"

Alphonsine alishika koo, akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kumeza.