Sanduku la Kiranja

Sanduku la bati lilianza kunuka mkojo siku ya tatu tangu Khelef aliweke sebuleni, nyumbani kwao ghorofani, mtaa wa Al Mankhool. Mkewe, Amna, akalisugua kwa siki. Likanuka zaidi.

"Litoe, baba Raghad."

"Liende wapi? La babu yake babu yangu hilo!"

Khelef shule ilimshinda, lakini kwa nasaba alivimba kama andazi kwenye mafuta. Babu huyo alipelekwa kusoma Bara Hindi enzi za Mwingereza, akalala bweni moja na wana wa wafalme, akawa kiranja mkuu. Kila Alhamisi Khelef alilifukizia udi jina la babu lililoandikwa kwenye kifuniko. Asilosema, na ukoo mzima ukilijua, ni kwamba kiranja aliwafungia ndani ya sanduku hilo wanafunzi wadogo waliochelewa kumng'arishia viatu. Mmoja alisahauliwa likizo nzima. Walimtoa mkavu kama ng'onda.

Wiki ya pili, baada ya alasiri, sanduku likaanza kugongwa. Kutoka ndani.

Amna akamleta Bi Tufaha wa mtaa wa Satwa, Mpemba, fundi wa majini. Bibi akanusa, akakunja uso.

"Mtoto maskini aliyefia humu hana neno, mwanangu. Anayesumbua ni huyu unayemlisha udi. Sema hapa mbele yetu: babu yangu aliua. Akikanwa na damu yake atatoka."

"Nimtukane marehemu? Khalas, bibi, nenda zako!"

"Naenda. Bila mimi, neno hilo litamchokoza tu. Heshima ya maiti utashinda nayo wewe."

Hata lifti haijamshusha, nyumba ikajaa harufu ya dawa ya viatu, na Khelef alipogeuka akamwona Raghad, bintiye wa miaka saba, amejikunja ndani ya sanduku, magoti kidevuni, mkojo ukimtiririka, kifuniko wazi wala hakuna kinachomzuia, naye anagonga bati kwa vidole vilivyochubuka, taratibu, kwa adabu, kama mtu aombaye ruhusa.

"Toka, mama! Toka!" Akamvuta. Mzito kama jiwe la kusagia. Amna akapiga yowe. Ndipo Khelef akapasua koo: "Babu yangu aliua! Aliua! Aliua!"

Macho ya Raghad yakapanda, yakapita bega la baba yake, yakatua juu ya kitu kirefu kilichosimama nyuma yake.

"Baba, nyamaza," akanong'ona. "Ananionesha vidole. Kila ukisema, ananiongezea siku ya kukaa humu."