Harufu Aliyoichukia Mama Mkwe

Pikapu iliteleza, ikapinduka bondeni, na mapipa ya lami ya miti yakapasuka yote. Mchoma lami alitoka akitambaa, paja limechanwa na bati, koti limelowa lami tupu. Mama mkwe wake alitoka mzima, akitema matope. Wakapanda kuitafuta barabara, ukungu ukawafunika, na barabara wasiione tena.

Mchoma lami alilifunga paja lake kwa mkanda. Damu iliendelea kuchuruzika, naye akaitazama kama ya mtu mwingine. Mvua ya baridi ilishamtia ganzi mwili mzima, hata woga hakuwa nao.

"Damu hiyo isipokoma, binti yangu atabaki mjane," mama mkwe alisema. "Nyumbani ni wapi?"

"Sijui, mama."

Mkewe alikuwa huko nyumbani akichochea tanuri la lami. Mnunuzi wao wa lami aliwahi kumweleza mchoma lami kuwa ule ukali wa harufu ya moshi hutokana na kitu kiitwacho gwayakoli, na chembe yake tu hewani humtosha mwenye pua nzima. Pua yake yeye ilishakufa kwa kazi. Mama mkwe, ambaye kwa lawama hana dogo, tangu harusi hajawahi kula kwao bila kujiziba pua.

"Mama, unasikia harufu ya tanuri?"

"Nakusikia wewe tu, baba. Unanuka mpaka mvua inanuka."

Mchoma lami akavua koti, akavua na shati, akavitupa mbali. Mama mkwe aligeuza uso. Heshima ni heshima hata porini. Kisha akavua mtandio wake, akamrushia bila kumtazama.

"Jifunge huo. Na ukae nyuma yangu, upepo unatoka mbele."

Wakaenda hivyo, mama ameinua uso akinusa hewa, upepo ukigeuka wanasimama. Mchoma lami alipoanguka, mama alirudi akamkumbatia kiunoni na kumburuta. Yeye hakuuhisi mkono wa mama. Hata walipofika, hakusikia harufu yoyote. Aliona moshi, kisha mkewe akija mbio.

Mganga wa zahanati alilishona paja. Ganzi ilipoisha maumivu yalikuja yote kwa pamoja, na mtu mzima akalia.

Mkewe aliuchukua mtandio, umekakamaa kwa lami, akataka kuuloweka. Mama mkwe akamnyang'anya, akaukunja, akauweka chini ya kichwa chake, akajilaza.

"Huu usiufue," alisema.