Siku Kumi za Kula Molise

Jumamosi ile soko la Eastern Market lilifurika watu, na foleni ya kaunta ya jibini ilikuwa imekwama kwa sababu ya mtu mmoja tu: Genoveva. Alivaa koti la rangi ya maziwa lililomkaa vizuri kiunoni, kitambaa cha kitenge kichwani, na alikuwa anaonja kipande cha tatu.

"Bibi atanitimua nikimpelekea hii," alijisemea kwa Kiswahili.

"Dada, unanunua cheese ama unaiposa?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ndani ya sare yenye vifungo vya shaba, ile ya wahudumu wanaoegesha magari ya wageni hotelini. Genoveva alitaka kukasirika, lakini kijana akatabasamu na mwanya wa meno yake ya mbele ukaharibu mpango.

"Kaka, kwetu Tanzania mtu huanza na salamu."

"Haya, habari ya asubuhi, madam. Sasa unanunua ama unaposa?"

Kijana aliitwa Mutai, mtu wa Kericho. Kabla ya saa sita walikuwa kwenye benchi nje, wanamega jibini ya watu. Genoveva akamweleza kwamba anamhudumia bibi kizee wa Kiitaliano huko Bladensburg, mzaliwa wa Molise, mkoa mdogo ambao hata Waitaliano wenzake huusahau. Bibi haishi kumsimulia vyakula vya kwao. Genoveva, ambaye maisha yake yote alikuwa amepanda ndege mara moja tu, kuja ughaibuni kufanya kazi, alikuwa ameapa kwenda kuvila hukohuko.

"Uende Italy kula tu?"

"Kula tu."

"Na Roma?"

"Roma nitaiona dirishani mwa treni."

Hiyo ilikuwa Oktoba 1998. Kufika Krismasi mapenzi yalikuwa yamekolea, na kila Jumapili baada ya misa walitandaza ramani juu ya meza ya Mutai, aliyepanga mji jirani wa Alexandria, wakapanga safari ya Juni. Siku ya kwanza Campobasso, tambi za kubonyezwa kwa vidole na mchuzi wa kondoo. Siku ya nne Termoli, pwani, supu ya samaki. Siku ya sita Agnone kwa watengeneza jibini, na ya nane Isernia, kwenye gulio la vitunguu.

"Nikishiba sitaweza kutembea, mpenzi."

"Nitaku-park kivulini, mrembo. Kwani kazi yangu ni gani?"

"Na viza umeomba?"

"Nime-apply, sweetie. Wacha wasiwasi."

Jumapili moja ya Mei, Mutai alikuwa ameshuka kufua nguo kwenye mashine za chini ya jengo. Simu ikalia, Genoveva akapokea.

"Ni Genoveva? Wifi! Mimi Jeptoo, dada ya Mutai. Aki tumefurahi! Tarehe ishirini na sita Juni imekubalika. Wazee wameitwa, na mama ameshachagua ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini, wifi?"

"Wa kukukaribisha! Mutai alituambia mnakuja pamoja, na mambo yenu ya ndoa mmeshamaliza."

Genoveva aliaga kwa adabu, kwa maana hakulelewa kumkatia mtu simu. Kisha akakaa chini. Mutai aliingia na kapu la nguo, anapiga mluzi.

"Mutai, tarehe ishirini na sita Juni mimi nitakuwa wapi?"

Mluzi ukakatika.

"Kwa ramani hii nitakuwa Agnone. Kwa mama yako nitakuwa Kericho. Na viza uliomba kweli?"

Mutai akaweka kapu chini polepole. Hakuwa ameomba.

"Nilishindwa nimwambie mama nini," alisema. "Miaka sita sijaenda home, Geno. Mtu apate likizo, halafu aende Ulaya kula vitunguu? Watasema nimepotea. Nikaona nitaku-surprise, na utafurahi."

"Umewaambia wazee nimekubali. Nimekubali nini? Nani aliniuliza?"

"Si ilikuwa wazi?"

"Kwangu haikuwa wazi."

Akaikunja ramani ovyo, akaondoka nayo. Ndani ya basi alilia bila kujificha. Alimpenda mwanamume yule, na ndiyo maana iliuma: angeitikia kwa mikono miwili, kama angeulizwa.

Wiki tatu hakupokea simu zake. Wenzake kanisani walimwambia aache ukaidi; mhamiaji akipata likizo huenda kwao, na mwanamume anayekupeleka kwa mama yake si wa kuchezea. Genoveva aliwasikiliza wote, akawashukuru, na hakubadili hata siku moja katika ratiba yake. Jioni aliketi na bibi wakimwandikia barua mpwa wa bibi aliyeko Isernia. Wiki ya kwanza ya Juni viza yake ikatoka, na akakata tiketi ya mtu mmoja.

Siku mbili baadaye simu ya Bladensburg ililia, na bibi, aliyekuwa akiipenda sauti ya Mutai tangu zamani, akaipokea na kumsukumia Genoveva mkononi.

"Usikate, tafadhali," Mutai alisema. "Nimepigia wazee. Nimewaambia ukweli, kwamba sikukuuliza. Mama amenigombeza mpaka kadi ya simu ikaisha."

Genoveva alijikuta anacheka, na kucheka kwenyewe kukamuudhi.

"Na ng'ombe?"

"Anakula nyasi, hana shida."

"Mimi nakwenda Molise, Mutai."

"Nenda. Viza yangu haiwezi kutoka sasa, nimejichelewesha mwenyewe. Mimi nitaenda kuona mama. Naomba tu nikupeleke airport."

"Umesema naomba?"

"Nimejifunza, mrembo."

Jumapili ya tarehe ishirini Juni, uwanja wa ndege wa Dulles ulijaa watu. Genoveva alivaa gauni la kitenge cha bluu na raba nyeupe za kutembelea, na njia nzima walikuwa wameongea habari za hali ya hewa. Mutai alimbebea begi mpaka kwenye mlango wa kupandia ndege, maana enzi hizo wasindikizaji waliruhusiwa kufika huko. Abiria walipoitwa hakulitoa. Jasho lilimtoka, na shati alilopiga pasi kwa ajili ya siku hiyo lilimganda mgongoni.

"Nilitaka ningoje urudi," alisema. "Nikasema nitakuuliza mbele ya mama. Lakini hili swali si la mama, ni lako. Genoveva, utakubali nikuoe? Ukitaka kukataa, kataa. Ukitaka kufikiria, fikiria ukila."

Nyuma yao mtu alikohoa, na mwingine akasukuma toroli lake mbele. Genoveva alimtazama Mutai, macho yamemlowa, na moyo wake ukatulia kabisa.

"Nimekubali," alisema. "Sasa nipe begi langu, wananingoja."

Akambusu mbele ya foleni nzima, akachukua begi, akaenda kula.