Aliyeapa Mara Mbili

Asubuhi ya siku ambayo mwanawe angetawazwa daktari, Bi Honorata alikuta mtungi wa maji mtupu. Haukuwa umepungua tu. Ulikuwa mtupu, mkavu hadi chini, kana kwamba umeanikwa juani wiki nzima. Jana jioni aliujaza kwa mkono wake na kuufunika. Akauinamisha kutafuta ufa, hakuuona. Akapapasa sakafu, kavu. Akajiambia ni paka, ingawa nyumba ile haikuwa na paka, na paka wa kumaliza mtungi hajazaliwa.

Hata hivyo hakuwa na nafasi ya kuulizana na mitungi. Kulikuwa na samaki wa kuunga kwa mawese na tui la nazi, joho la mwanawe Aprígio la kupigwa pasi, na ndugu waliokuwa njiani kutoka ng'ambo ya ghuba wakiwa na njaa zao. Bi Honorata alikuwa mjane aliyeuza kashata za nazi kwenye ngazi za kanisa tangu mwanawe akiwa wa kubebwa mgongoni, na watu wa mtaa wetu hapa Salvador, ambao ndimi zao hazijui kupumzika, walikuwa wamemwambia usoni kwamba mtoto wa muuza kashata akisoma sana atajua kuhesabu kashata. Leo wangenyamaza. Alikuwa na kiburi siku ile, na mimi simlaumu.

Akiwa bado ameushika mtungi, mlango wa uani uligongwa. Alikuwa mwanamume mwenye suruali ya ngozi, kofia ya ngozi mkononi, vumbi la nyika limemganda hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Gaudêncio, mchunga ng'ombe wa baba yake Leôncio."

Leôncio alikuwa mpangaji wake. Kijana huyo wa bara alisoma udaktari darasa moja na Aprígio, wakala sahani moja na kulala chumba kimoja miaka yote ya masomo. Bi Honorata alimsihi amwite mama, naye akaona haya, akabaki na "Bi Honorata" yake mpaka mwisho. Mwezi uliopita alishikwa na homa ya manjano. Mama huyu ndiye aliyemkanda kwa siki na karafuu maiti mpaka akapata nafuu ya kupakiwa kwenye treni arudi kwao. Leôncio alipoona hataiwahi sherehe, alitumia ruhusa ambayo chuo kilimpa mgonjwa: kumteua mwenzake aape na kupokea shahada kwa niaba yake. Alimteua Aprígio. "Usiniache niitwe halafu ukumbi ukae kimya," alimwambia, na Aprígio akampa mkono.

"Leôncio hajambo?" Bi Honorata aliuliza.

Gaudêncio aliizungusha kofia yake. "Amefariki, mama. Juzi. Homa ilimrudia. Aliomba maji mpaka pumzi ya mwisho, na tukimpa hayashuki. Alikuwa anakirudiarudia kile kiapo chenu cha udaktari, basi akafa kinywa wazi. Tukakifunga kwa leso, kikafunguka. Tukafunga tena, kikafunguka. Tumemzika hivyo hivyo."

Bi Honorata alikaa kwenye kigoda. Alimpenda yule kijana, na alimwonea uchungu. Lakini nyuma ya uchungu ilikuja hofu. Aprígio akisikia, hatakwenda chuoni. Atavaa nyeusi, atapanda treni kwenda kaburini, na siku aliyoingojea maisha yake yote itapita bila yeye.

"Kuna mtu mwingine umemwambia?"

"Hapana. Nimekuja moja kwa moja."

"Basi tusimwambie Aprígio leo. Ni siku yake. Tusimharibie. Tutamwambia kesho."

"Mama, msiba haufichwi."

"Sifichi. Nauchelewesha. Ingia jikoni unywe kahawa, upumzike, na ukae humo humo."

Gaudêncio aliingia, maana alikuwa mgeni na mwenye nyumba amesema. Bi Honorata akavuta sinia la vitunguu, akakata na kulia, apate kisingizio.

Aprígio alitoka chumbani akifunga vishikizo vya shati. "Mama, unalia? Ngoja kwanza nipate shahada, nikutibu kwa pesa."

"Vitunguu, mwanangu."

"Daktari anaagiza vitunguu vikatwe na shangazi." Akachungulia mtungi. "Maji yamekwenda wapi? Leôncio hayupo, nani ameyamaliza? Unajua leo naapa mara mbili, mama. Changu nikikosea nitacheka. Cha Leôncio nikikikosea, atanikaba koo akirudi."

Angeweza kumwambia hapo. Kisu kilisimama juu ya kitunguu, kisha kikaendelea.

Misa ya shukrani ilikuwa saa tatu. Mlangoni pa kanisa waumini walichovya vidole kwenye bakuli la maji ya baraka, wakavitazama, wakatazamana. Bakuli lilikuwa kavu. Mtunza kanisa aliapa kwa watakatifu wote kwamba alilijaza muda si mrefu, na bibi mmoja mwenye upepeo wa manyoya akamwambia aache kunywa divai ya padri. Watu walicheka. Bi Honorata hakucheka, kwa sababu alipopita karibu na bakuli ilimjia harufu anayoijua, siki na karafuu maiti, nzito na ya moto, harufu ya chumba cha mgonjwa kilichofungwa madirisha.

Chuoni walimketisha nyuma kabisa, jinsi wanavyoketishwa watu wa mikono yenye alama za sukari ya moto. Pembeni yake alikaa Bibi Porcina, jirani wa ghorofa ya chini na mama wa ubatizo wa Aprígio. Bibi huyu hutibu watu wenye pepo. Polisi walikuwa wamekwisha kumvunjia ngoma zake, naye hununua nyingine. Aprígio, msomi, humtania kwamba mashetani wake wote wanahitaji dawa ya minyoo tu. Leo bibi alikuwa amevaa nyeupe tupu, iliyotiwa wanga ikasimama, na tangu walipoketi alikuwa akinusa.

"Honorata," alinong'ona. "Humu ndani kuna mtu mwenye kiu."

"Ni joto la Desemba."

"Mimi nazungumza na wewe, usinitajie Desemba. Tazama meza ya maprofesa."

Msemaji wa siku alikuwa amesimama akihutubia juu ya nuru ya sayansi. Alinyoosha mkono kwenye bilauri yake, akaiinua, akaikuta tupu. Mtumishi akaijaza. Msemaji aliposema sentensi mbili na kuishika tena, ilikuwa tupu tena, wala midomo yake haikuwa imeigusa. Maua ya mezani, yaliyoletwa yakiwa na umande, yalikuwa yamelegea na kulalia kitambaa.

Hapo Bi Honorata alimweleza jirani yake, midomo ikiwa karibu na sikio, yote: Gaudêncio, leso, kinywa kilichokataa kufungwa, na neno alilolizuia.

Bibi Porcina alimshika kifundo cha mkono. "Umeificha? Sasa nisikilize. Huyo kijana amekufa akiwa katikati ya kiapo, na habari ya kifo chake ilipofika kwenye mlango wake ukaikalia. Hata yeye hajui kwamba amekufa. Amekuja kuitwa. Mwanao akijibu kwa jina la mfu, amemwazima kinywa, na mfu aliyeazimwa kinywa huingia mwili mzima."

"Aprígio keshapita?"

"Wanaanza naye. Zamu yake mwenyewe haina neno. Mzuie kabla ya ile ya pili."

Aliyekuwa wa kwanza darasani alisoma kiapo chote kwa sauti, na wengine wakawa wanaitwa mmoja mmoja kwenda kuweka mkono juu ya kitabu na kusema maneno mawili tu. Aprígio aliitwa. Alipanda jukwaani, joho limenyooka, akasema, "Naahidi hivyo," na mkuu wa chuo akamvisha kofia ya udaktari. Mama yake alilia bila kitunguu. Kwa muda mfupi ule alisahau kila kitu, na ninaamini ndio muda aliokuwa na furaha kuliko wote maishani mwake.

Majina yaliendelea. Bibi Porcina alimfinya. "Simama sasa. Piga kelele."

Bi Honorata alisimama, akaona migongo ya wakubwa, pepeo za mabibi, maofisa wenye vitara viunoni, akaona pia, kama tayari limekwisha kutokea, vichwa vyote vikigeuka kumtazama muuza kashata aliyeharibu mahafali kwa maneno ya uchawi, na mwanawe kule mbele akiinamisha uso kwa aibu, na akavuta pumzi apige kelele na akaizuia pumzi ileile, akisema moyoni labda Porcina amezeeka, labda ni joto, labda mfu ni mfu, na alipokuwa bado ameishika pumzi hiyo kifuani, karani aliita, "Leôncio Bastos do Amaral," na Aprígio akainuka mara ya pili, akipanda taratibu zaidi kuliko mwanzo, akivuta mguu kidogo kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa ndefu, akaweka mkono juu ya kitabu, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka, ya kukwaruza, ya kuvuta maneno kama wanavyovuta watu wa nyikani, haikuwa sauti ya mwanawe.

"Naahidi hivyo."

Wanafunzi wenzake walicheka kwa upendo, wakidhani anamwigiza rafiki yake, na ukumbi ukapiga makofi. Mkuu wa chuo alimvisha kofia. Kinywa cha Aprígio hakikufungika. Alibaki amekiachama, macho yamekodoka, kisha akageukia meza ya maprofesa, akachukua birika la maji kwa mikono miwili na kulinywa lote akiwa wima. Wakapiga makofi tena.

Nyumbani karamu ilikuwa imeiva na meza imejaa. Ndugu walimkumbatia daktari wao, naye akawaitikia kwa adabu ya mgeni, akiomba maji kwa kila aliyepita. Shangazi alimsukumia sahani ya samaki, akaiangalia tu. Bi Honorata alimfuata kila alipokwenda, akiitafuta sura ya mwanawe usoni pa mwanawe.

Gaudêncio, aliyechoka kukaa jikoni, alichungulia ukumbini. Aprígio hakuwahi kumwona mtu huyo.

"Gaudêncio," ilisema ile sauti ya kukwaruza. "Umefika lini? Farasi wangu hajambo?"

Kikombe cha kahawa kilimponyoka Gaudêncio kikavunjika. Alijipiga ishara ya msalaba, akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Bibi Porcina akamvuta Bi Honorata pembeni.

"Sasa ni wewe. Mimi hata nikichoma ubani nyumba nzima, hatoki. Habari uliifunga wewe, ifungue wewe. Mwambie kwa jina lake kwamba amekufa. Akishajua hana haki ya kukaa, huondoka."

"Na asipoondoka?"

Bibi Porcina alitengeneza shuka lake begani. "Mwambie kwanza."

Bi Honorata aliwatoa watu ukumbini, akisema daktari amechoka. Walibaki wao watatu na Gaudêncio mlangoni. Juu ya meza zilikuwapo kofia mbili za udaktari, moja ndani ya nyingine. Mwanawe alikaa kwenye kiti cha Leôncio, kile cha karibu na dirisha, ambacho tangu mwezi uliopita hakuna aliyekikalia. Chumba kilinuka siki.

Alipiga magoti mbele yake. "Leôncio."

"Naam, Bi Honorata."

Moyo wake ulipasuka kusikia hivyo, lakini hakurudi nyuma. "Leôncio, mwanangu, wewe umekufa. Umekufa juzi, kwenu, kwa homa. Gaudêncio amekuzika. Mimi nilijua tangu asubuhi nikakuficha, nikamficha na mwenzako, kwa tamaa ya siku moja. Kosa ni langu, si la Aprígio. Yeye ametimiza ahadi yake kwako, shahada umeipata. Nenda ukapumzike. Niachie mtoto wangu, sina mwingine."

Kijana aliweka chini bilauri ya maji aliyoishika. Alimtazama Gaudêncio, na Gaudêncio akaitikia kwa kichwa, machozi yakichora mistari kwenye vumbi. Alizitazama zile kofia mbili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kiapo, kinywa chake kilifungika. Bi Honorata aliusikia mkono wa Bibi Porcina ukilegea begani mwake, akashusha pumzi aliyoishika tangu chuoni.

"Kumbe," alisema taratibu. "Ndiyo maana hayashuki."

Akamwinua mama yule kutoka magotini kwa upole mkubwa, akamketisha, akamfuta machozi kwa kiganja kikavu, cha moto.

"Lakini tusimwambie Aprígio leo, Bi Honorata," alisema. "Ni siku yake. Tusimharibie. Tutamwambia kesho."

Kisha akaomba maji.