Kitabu cha Miadi Kilichokuwa Kisafi Mno

Kila Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, Kalamu alikuwa ameshakaa mezani. Meza yenyewe ilikuwa ndogo, imewekwa karibu na mlango wa spa ya mama yake, na juu yake palikuwa na vitu vitatu tu: simu, kengele na kitabu cha miadi. Nyuma ya meza kulikuwa na vyumba viwili. Katika cha kwanza alifanya kazi mama, mkandaji ambaye vidole vyake, wateja walisema, vilijua kuyatafuta maumivu hata yakijificha mfupani. Cha pili kilikuwa cha shangazi, dada mdogo wa baba, fundi wa kuloweka miguu, kusugua visigino na kuchua mabega.

Kalamu si jina alilopewa na wazazi wake. Alipachikwa jina hilo na mwalimu wake wa darasa la sita, ambaye siku moja aliinua daftari lake mbele ya darasa na kusema, "Tazameni mwandiko! Huyu si mtoto, huyu ni kalamu." Jina likamganda, na mwenyewe hakulikataa hata kidogo. Basi kwa kuwa mwandiko wa mama ulikuwa kama nyayo za kuku, kazi ya kuandika kitabu cha miadi ikamwangukia yeye. Jioni baada ya shule alipokea simu za wateja na kuandika, na Jumamosi alikaa mezani mpaka saa saba.

Kitabu kile kilikuwa fahari yake. Alipiga mistari kwa rula, mstari mmoja kwa kila saa. Saa aliziandika kwa wino mwekundu na majina kwa wino wa buluu, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Hakuna doa wala mahali palipokatwa. Wapo wateja waliokipekua kwa kuburudisha macho tu, na kila mmoja aliposema "Hongera, binti," Kalamu alirefuka kidogo kitini.

Jambo moja tu lilimkera: wateja waliobadilisha nia. Walipiga simu na kusema, "Mwanangu, kesho sitaweza." Sasa afanyeje? Achore mstari katikati ya ukurasa mzuri namna ile? Aliwajibu kwa adabu, "Hakuna shida, karibu siku nyingine," kisha akaliacha jina lilivyo. Alijiambia kwamba siku ikifika atakumbuka. Mara nyingine alikumbuka kweli, lakini mara nyingi alisahau.

Jumamosi moja, saa nne kasorobo, mpishi wa shule aliingia. Alikuwa mama mwenye sauti ya kuwaita watoto mia tatu bila kipaza sauti, na alikuwa amewapakulia chakula kwa miaka kumi na moja. Siku hiyo sauti ilikuwa chini na mkono mmoja ulikuwa kiunoni.

"Shikamoo," Kalamu alisimama.

"Marahaba, mwanangu. Mgongo huu utanitoa roho. Jana nilinyanyua sufuria kubwa peke yangu, nikasikia kitu kimelia ka! Hebu nitazamie, hakuna hata nusu saa?"

Kalamu alitazama. Saa nne, chumba cha shangazi: mwenye duka la viatu. Saa tano, saa sita, yote majina. "Samahani, tumejaa."

"Hata baadaye kidogo?"

"Samahani, tumejaa."

"Haya. Chema chajiuza," mpishi alisema, akajaribu kucheka, mgongo ukamkataza. Akatoka polepole akiushika ukuta.

Dakika ishirini zikapita. Kalamu aliingia chumba cha pili kuchukua taulo za kufua, akamkuta shangazi amekaa kitandani anabembeza miguu.

"We Kalamu, mgeni wangu wa saa nne yuko wapi?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Mwenye duka la viatu alipiga simu tangu Alhamisi. Alikuwa na safari.

"Labda... labda amechelewa," alisema.

Aliziacha taulo akakimbia nje hadi barabarani. Alitazama huku, akatazama kule. Mpishi alikuwa amekwisha kwenda.

Mchana, wakati wa kufunga, aliwasikia mama na shangazi wakizungumza huku wakikunja shuka.

"Wifi, nimefikiri sana," mama alisema. "Watu wanaandikisha majina halafu hawatokei. Siwezi kukuweka hapa ukunje taulo kutwa. Mwenye nyumba anasema kuna fundi saa anakitaka chumba chako. Nadhani mwisho wa mwezi tumwachie."

Shangazi aliweka shuka chini. "Basi nitarudi kwa mama yangu, nitafute kazi huko huko."

"Roho inaniuma. Na ajabu, kila ninayekutana naye sokoni ananiambia alikuja hapa akaambiwa tumejaa. Tumejaa nini, kama nusu ya vitanda viko wazi?"

Kalamu aliinamia kitabu chake kana kwamba anasoma. Shangazi ndiye aliyemsuka nywele kila Jumapili, akamfundisha hesabu za sehemu kwa kukata maandazi, akamfunikia makosa madogo madogo tangu utotoni. Sasa aondoke, na sababu iko mle ndani, kwa wino wa buluu! Alikifunga kitabu. Jumapili nzima hakukigusa.

Jumatatu shuleni chakula cha mchana kilinuka moshi.

"Kimeungua," mwenzake wa dawati alilalamika. "Amepika mlinzi. Mpishi hajaja, mgongo umemlaza. Si angekwenda kwa mama yako akandwe?"

"Alikuja. Nilimwambia tumejaa."

"Kwani mlikuwa mmejaa?"

Kalamu alisukuma sahani pembeni.

Jioni alipiga moyo konde. Aliwakuta mama na shangazi wanapasha mafuta, akakiweka kitabu mbele yao.

"Mama, wateja wasiokuja hutoa taarifa. Wanapiga simu. Mimi ndiye siwafuti."

"Huwafuti kwa nini?"

"Nisiharibu ukurasa."

Shangazi aliangua kicheko, akaona mama hacheki, akakimeza.

"Na Jumamosi," mama aliuliza taratibu, "uliposema mwenye duka la viatu amechelewa?"

"Nilidanganya. Nilikuwa najua haji." Machozi yakamtoka. "Na mpishi nimemfukuza hivyo hivyo, kitanda kikiwa wazi. Mama, usimwache shangazi aende. Kosa ni langu mimi."

Mama alivuta kiti akakaa. "Kusahau hata mimi nasahau. Kilichoniuma ni huo uongo, maana ulituacha tukitafuta mchawi asiyekuwepo. Lakini umekuja mwenyewe, bila kuvutwa sikio. Hilo nimeliona. Chukua kalamu. Weka alama kwa kila aliyekwambia haji."

Kalamu aliweka alama. Kati ya majina manane ya Jumamosi ile, manne yalikuwa ya watu ambao hawakuwa na habari ya kuja. Mama alitikisa kichwa, kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa saa tano.

"Na huyu nesi hukumwekea alama."

"Hakupiga simu. Wewe uliniambia nimwandike kila wiki."

Shangazi alikohoa. "Wifi, nesi siku hizi huja Jumatano. Wewe mwenyewe ulimpangia, kwenye simu yako."

"Nilimpangia, eti?" Mama alifunika mdomo. "Ikabaki kwenye simu yangu!"

"Basi niseme na langu," shangazi alisema. "Mimi nimewaahidi watu wawili wa kesho, na hawamo humo. Wamo humu." Akajigonga kichwa.

Kalamu alijifuta machozi. "Kwa hiyo tuna vitabu vitatu! Kimoja mezani, kimoja kwenye simu ya mama, kimoja kichwani kwa shangazi. Na hakuna kinachojua mwenzake ameandika nini."

Wote watatu walicheka sasa. Halafu Kalamu akatazama kitabu tena, kwa jicho jingine. "Shangazi, kuloweka miguu huchukua muda gani?"

"Nusu saa. Wewe unaniandikia saa nzima."

"Kwa sababu mistari yangu ni ya saa nzima nzima," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi," mama akasema, "usipoziba ufa utajenga ukuta. Kitabu hiki umekijaza wewe, kingine utakitengeneza wewe. Mwenye nyumba nitamwomba asubiri mpaka Jumamosi. Ila kwanza vaa viatu, tuna mtu wa kumwona."

Walikwenda nyumbani kwa mpishi. Walimkuta amelala kwenye mkeka, mto chini ya magoti.

"Karibuni," alisema bila kugeuka. "Mmekuja kunipa habari kwamba mmejaa?"

"Nimekuja kuomba radhi," Kalamu alisema, akamweleza yote, hata lile la ukurasa mzuri. Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi sufuria zangu nazisugua zikang'aa. Lakini nikikataa kuzipikia zisiingie masizi, ninyi mtakula nini? Haya, yamepita. Mama yako anikande, na Jumamosi uniandike wa kwanza."

Kazi ya kitabu kipya ilimchukua Kalamu jioni tatu. Alipiga mistari ya nusu saa. Miguu ilipewa mstari mmoja. Kukanda mwili mzima kulipewa mitatu, ili na mwenye kubadilisha shuka apate kuvuta pumzi. Kando ya kila jina aliacha nafasi ya namba ya simu. Chini ya ukurasa aliandika "Wanaosubiri", na kwenye jalada akafunga kwa uzi penseli moja na kifutio kimoja. Wino ulibaki wa kazi za shule. Mama na shangazi nao wakapewa sheria: ahadi yoyote, hata ya njiani, iingie kitabuni kabla ya jua kuzama. Ijumaa jioni alimpigia kila aliyeandikwa kesho yake: "Tunakungoja saa fulani. Je, bado unakuja?" Wawili walisema hapana, wakashukuru kwa kuulizwa. Aliwafuta, akaandika wengine.

Jumamosi ilifika. Mpishi aliingia wa kwanza, akitembea bila kushika ukuta. Saa nne na robo simu ililia. Dereva wa lori, aliyekuwa na nafasi ya saa tano, gari limemharibikia njiani.

"Pole sana," Kalamu alisema. "Karibu wiki ijayo."

Alishika kifutio. Mkono ulisita juu ya karatasi kidogo, mazoea yana taabu. Kisha akafuta. Jina lilitoka, likaacha wingu la kijivu kwenye ukurasa. Akapiga namba ya kwanza chini ya "Wanaosubiri". Ilikuwa ya mwalimu wake, aliyeomba nafasi Ijumaa akaikosa.

Mwalimu alifika saa tano kasoro dakika tano. Aliinama mezani kutazama jina lake, akakunja uso. Ukurasa ulikuwa umefutwa mara nne, una alama za vidole, na mshale mmoja ulipanda kutoka chini hadi juu.

"Kalamu! Huu mwandiko wa nani?"

Wiki moja nyuma angetamani ardhi immeze. Leo alisimama. "Wangu, mwalimu. Na nafasi yako ni ya kweli, kitanda kinakungoja."

Kabla mwalimu hajaingia ndani, mama mmoja alitokea mlangoni akaulizia nafasi. Kalamu alipitisha kidole mstari kwa mstari, chumba cha kwanza na cha pili.

"Samahani, tumejaa," alisema, na safari hii ilikuwa kweli tupu. "Lakini nipe namba yako. Ikipatikana nafasi leo nitakupigia, na isipopatikana, Jumatatu saa kumi ni yako."

Mgeni alitaja namba yake akaondoka ametabasamu. Shangazi alichungulia kutoka chumbani, mikono imejaa mafuta. "Kalamu, mgeni wangu mwingine ni saa ngapi? Sijakaa tangu asubuhi!"

"Saa tano na nusu, shangazi. Utakaa saa saba."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote huo. Alitoka, akafuta mikono kwa taulo, akakichukua kitabu na kumwonyesha mwalimu ukurasa ule uliochafuka.

"Mwalimu, kile cha kwanza ungekipenda sana. Kilikuwa kizuri, na kilikuwa kinadanganya. Kiliwarudisha watu wenye maumivu huku vitanda vikiwa vitupu, na kilikuwa karibu kumwondoa wifi yangu. Vyote ving'aavyo si dhahabu." Akamgeukia binti yake, sauti ikalegea. "Wewe mwanangu, kazi nzuri ni ile inayomsaidia mtu, hata ikibaki na madoa. Na ukikosea, sema mapema na ufute, maana kosa lililofichwa huwatesa na wasiohusika. Mwenye nyumba nimeshamwambia amtafutie fundi saa mahali pengine. Chumba hakitoki, na shangazi yako haendi popote. Nakuonea fahari."

"Mwandiko huu naupa kumi kwa kumi," mwalimu alisema.

Simu ililia, Kalamu akavuta kiti, akachukua penseli.