Elieshi Hasikii

Kila asubuhi kabla ya kengele, darasa la sita hufagia uwanja wa shule yao pale Bagara, mjini Babati, na upepo wa mwezi wa saba huurudisha uchafu palepale ulipotolewa. Ni kazi ya kuudhi, lakini angalau hufanywa kwa porojo na vicheko. Elieshi peke yake alifagia bila mtu wa kuongea naye.

"Mwacheni Mtalii," alisema Jovin. "Tangu arudi kutoka Mafia hajibu salamu za watu wa vumbi."

Na kweli, ukimwita hageuki! Nani asiyechukia maringo? Mwalimu Theophil alimwagiza chaki, akabaki ameketi kama hajaambiwa kitu. "Wewe mtoto husikii!" mwalimu akafoka, akampigisha magoti mbele ya darasa. Nyumbani nako mama yake aliimba wimbo huohuo: "Elieshi, husikii!"

Lakini lililomponza zaidi ni la Clara, rafiki yake wa dawati moja. Clara alimnong'oneza, "Mama amelazwa. Wanasema ni figo." Elieshi akatabasamu, akajibu, "Safi sana!" Clara akahama dawati huku analia. Kufikia mapumziko darasa zima lilikuwa na habari hiyo, na hakuna aliyemtaka tena Elieshi.

Elieshi alijua tatizo lake, ila aliogopa kulisema. Wakati wa likizo, baba yake mdogo Konstantini, anayefanya kazi hotelini kisiwani Mafia, alimtafutia nafasi ya kujifunza kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, boti hazikutoka kwa siku kadhaa, na Elieshi akashikwa na mafua. Upepo ulipopungua kidogo, wakaenda upande wa kisiwa uliokingwa.

"Una mafua? Pua imeziba?" aliuliza mkufunzi wake, Mwanaharusi. "Mafua huumiza masikio chini ya maji. Sema tu, tutaahirisha."

"Sina," alijibu Elieshi, ambaye alikuwa ametoka kupenga kamasi kwa siri nyuma ya boti. Kesho yake alikuwa anarudi Babati, akaona bora aongope kuliko akose. Chini ya maji sikio la kushoto lilimuuma kama linachomwa msumari. Mwanaharusi alimuuliza kwa ishara kama yuko salama. Akajibu kwa ishara kwamba yuko salama. Mara kitu kikapasuka ndani ya sikio. Hakumwambia mtu yeyote.

Ijumaa moja Clara alimkuta akifuta ubao. Hasira zikamkaba. Alimsogelea upande wa kushoto, akamtolea tusi zito la kumtukania wazazi. Elieshi akaendelea kufuta ubao.

Clara alishtuka. Akamshika bega, akamgeuza. "Nimekutukana tusi baya kabisa! Hukusikia?"

"Umesemaje?"

"Elieshi, husikii?"

"Sisikii!" Elieshi akaangua kilio. "Kweli sisikii, Clara. Sikio hili limekufa."

"Basi siku ile nilipokwambia mama yangu amelazwa..."

"Mama yako amelazwa?"

Clara aliona aibu, akamkumbatia. Kisha akamvuta mkono hadi kwa Mwalimu Theophil, na jioni hiyo mama yake Elieshi akampeleka hospitali.

Daktari Evelyne alimulika sikio, akakunja uso. "Ngoma ya sikio imetoboka, na kuna usaha."

Elieshi akasema kwamba lilipasuka alipokuwa chini ya maji kule Mafia. Mama akapandwa na hasira. Akampigia Konstantini palepale. "Huyo mkufunzi wenu ameniharibia mtoto! Nataka afukuzwe kazi leo hii!"

"Mama, usimwonee!" Elieshi alidakia. "Aliniuliza kama nina mafua. Nilimdanganya."

Mama alimkazia macho kwa ukali, akampa simu. "Haya, mwambie baba yako mdogo mwenyewe." Elieshi akasema yote, sauti ikikatikakatika.

Alipomaliza, daktari alimsogelea upande wa kulia. "Mkufunzi alikuuliza kwa sababu hawezi kuingia mwilini mwako akaona. Hata mimi siwezi. Ukinidanganya, nitatibu uongo wako, na ugonjwa utabaki na wewe. Haya, niambie. Kuna jingine?"

Elieshi alimtazama mama yake. "Usiku sikio linatoa maji. Huwa nageuza mto ili mama asione. Na nikisimama ghafla, naona kizunguzungu."

"Vizuri," alisema daktari, akivuta kiti karibu. "Sasa naweza kukutibu, na utapona."