Usikiite Yule

Mwoka mikate alikosea kila siku, na mwalimu wake alishazoea. Siku aliyopatia ndiyo iliyomshtua.

Alikuwa mama wa makamo, mcheshi, mikono imejaa alama za tanuri. Alitaka kazi ya jikoni hotelini, na huko walitaka mtu anayejua Kiingereza. Basi kila alasiri, akishamaliza kuoka, alikuja kuketi sebuleni kwa mwalimu mbele ya ubao mdogo, wao wawili tu. Nyuma ya pazia alilala mtoto wa mwalimu, wa kwanza na wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusema.

"Mume wangu, *she is a driver*," alisema mwoka mikate.

"*He*, mama. Mumeo umemvisha gauni tena."

"Na hao Waingereza nao! Sisi tuna 'yeye' mmoja, na anatutosha mume na mke."

Walicheka. Hata mtoto alikuwa na kosa lake: chochote alichokiona alikiita "kile". Kikombe, kile. Paka, kile. Baba yake akirudi kazini, "Kile!" Na baba hujibu, "Kile kimechoka, mwanangu."

Siku hiyo mwalimu alimwambia mwanafunzi wake ataje mtu wa nyumbani kwake na aseme anafanya nini. Mwoka mikate akasema polepole, bila kujikwaa:

"*It is sitting near my bed.*"

Mwalimu aliiandika ubaoni. Sentensi ilikuwa imenyooka kama uzi.

"Vizuri sana. Ila *it* ni ya kitu. Nani huyo anayekaa karibu na kitanda chako?"

"Kile," alinong'ona mwoka mikate.

"Kile nini?"

"Kile kinachokaa. Sijui ni mume au mke, mwalimu. Mganga alinikataza nisikiite yule. Alisema kikiitwa mtu kinapata miguu, kinapata pa kwenda."

Mwalimu alitabasamu. Hakuwa mtu wa mambo hayo, na siku ya usaili ilikuwa imekaribia. "Huko watakucheka, mama. Anayekaa karibu na kitanda chako ni mtu tu." Akaifuta *it* kwa kiganja, akaandika *she*, akaisoma kwa sauti.

"Futa, mwalimu! Nakuomba, futa!"

Harufu ikaingia, ya unga uliochacha na nywele zilizoungua. Mwoka mikate alishika mabega yake mwenyewe, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mwalimu," alisema, macho yamemtoka, "nimekuwa mwepesi."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia, kama kinavyolia mtu mzima anapoketi.

Mwalimu alisimama, na kabla hajafika alisikia sauti nyuma ya pazia, sauti yake mwenyewe, ile ya upole anayofundishia, ikitamka neno baada ya neno bila kosa, *she is sitting*, *she is sitting*, na mtoto akacheka, akacheka kama anavyocheka akitekenywa, na mama yake alilivuta pazia na pazia halikuja, akalivuta kwa mikono miwili na lilikuwa zito kana kwamba upande wa pili kuna mtu analishika, na mwoka mikate akipiga kelele nyuma yake, "Kirudishe! Kiite kitu! Kiite kitu!"

"Kile!" alilia mwalimu. "Kitu! Kitoke kwa mwanangu! Kitoke!"

Aliurukia ubao, akalifuta lile neno kwa kiganja, kwa mate, kwa kilemba chake, mpaka vidole vikachubuka. Neno likafifia. Harufu ikakatika. Pazia likafunguka lenyewe.

Mtoto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mzima, hana hata mkwaruzo. Lakini pembeni yake godoro lilikuwa limebonyea, na wanawake wale wawili, wameshikana mikono, waliliona likiinuka polepole kama unga unaoumuka, mpaka likawa sawa.

Mwoka mikate aliondoka bila kuaga vizuri. Alilia njia nzima, na hakujua kama analia kwa huruma au kwa furaha ya mabega yake.

Jioni baba alirudi, akasimama mlangoni na kutanua mikono. "Haya, nani amerudi?"

"Kile!" alisema mtoto.

Baba akacheka. Mwalimu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu alasiri, akamkumbatia mwanawe kwa nguvu, akashukuru kwamba kosa lile bado lipo palepale.

Mtoto alitazama juu ya bega la mama yake, kwenye kiti kitupu mbele ya ubao. Akainua kidole. Akatabasamu kama mtu aliyepatia somo.

"Mama," alisema. "Yule."